Kipupwe Dodoma: Jaketi la betri au koti la mtumba?

KILA ifikapo Juni, wakati magunia ya alizeti, mtama na uwele yanapoanza kutoka mashambani kwenda sokoni, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Dodoma na Singida hukutana na gharama ambayo haimo kwenye daftari za wengi wao. Gharama hiyo ni baridi.

Kwa mtu asiyeijua Kanda ya Kati, jina la Dodoma humletea picha ya jua kali, vumbi na ukame. Picha hiyo si ya uongo, kwani mji huo hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini Dodoma pia iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishakatika, anga hubaki jeupe, na joto lote ambalo ardhi imelikusanya mchana hupotea usiku. Mwezi Julai mchana hufika nyuzi joto 27 hivi, na alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na usiku mwingine chini ya hapo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huita kipindi cha Juni hadi Agosti msimu wa kipupwe na hutoa mwelekeo wake kabla haujaanza. Wakazi wa Njombe au Makete, ambako sakitu huunguza viazi na mboga mashambani, wanaweza kucheka wakisikia mtu wa Dodoma akilalamikia nyuzi 13. Lakini mtu wa Makete amezoea kuwa na koti zito. Mtu wa Dodoma huondoka nyumbani saa 11 alfajiri akiwa na shati tu, kwa sababu anajua saa 5 asubuhi jua litakuwa linachoma.

Wanaolipa gharama hiyo ni wengi. Yupo dereva wa bodaboda anayesubiri abiria usiku kwenye kituo cha mabasi cha Nzuguni au kwenye kituo cha treni ya umeme, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu Julai 2024. Yupo mlinzi wa ghala la mazao Kibaigwa na mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji anayetoka vijiji vya Singida na tenga nyuma ya pikipiki ili awahi mnada. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Mvumi naye hukesha shambani akilinda vichala kabla ya mavuno ya Agosti na Septemba.

Miaka ya karibuni pamekuwa na jibu jipya la tatizo hili la zamani: jaketi na vizibao vyenye nyaya ndani, vinavyopashwa joto kwa betri. Vingi hutengenezwa China na huagizwa kupitia maduka ya mtandaoni. Je, ni kitu cha kumfaa mlinzi wa ghala na dereva wa bodaboda, au ni anasa ya kula mtaji?

Upepo ndio adui

Kabla ya kununua chochote, ni vema kujua mwili unapoteza joto kwa njia gani. Mtu aliyesimama mahali pasipo upepo huwa amezungukwa na tabaka jembamba la hewa iliyopashwa na ngozi yake mwenyewe. Upepo huliondoa tabaka hilo, na mwili hulazimika kupasha jingine, ambalo nalo huondolewa.

Ndiyo maana kipupwe cha Dodoma na Singida huuma kuliko kipimajoto kinavyosema. Miezi hiyo ndiyo ya pepo za kusi, na uwanda wa kati hauna misitu mikubwa ya kuzizuia. Upepo wa Singida una nguvu kiasi kwamba kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo.

Wagogo wa zamani walilijua hilo. Nyumba yao ya tembe ilijengwa fupi, yenye paa bapa la udongo na kuta nene, ikizunguka ua wa mifugo. Upepo ulipita juu yake, na udongo uliopata joto mchana uliwapa joto watu na ndama usiku.

Dereva wa pikipiki hana tembe. Yeye hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Kwa kanuni inayotumiwa na Marekani na Kanada tangu mwaka 2001, hewa ikiwa na nyuzi 10, mtu anayekwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa huhisi baridi ya nyuzi 5. Baridi hiyo huanzia vidoleni, na vidole ndivyo vinavyokamata breki na klachi. Dereva ambaye vidole vyake vimekufa ganzi huchelewa kushika breki, na kuchelewa kidogo kwenye barabara kuu yenye malori ni jambo la uhai na kifo.

Hivyo basi, ulinzi wa kwanza si joto bali ni kizuizi cha upepo. Sweta la sufi lililofumwa, hata likiwa zito namna gani, hupitisha upepo kama chekecheke. Jaketi jembamba la nailoni likivaliwa juu ya sweta hilohilo hubadilisha mambo kabisa. Madereva wa bodaboda wanaogeuza jaketi, zipu ikakaa mgongoni, hawafanyi hivyo kwa urembo. Wamegundua kwamba zipu ndiyo mlango wa upepo.

Mwili wenyewe ni jiko

Jambo la pili ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa ni kwamba mwili wa binadamu ni jiko. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja kubwa ya zamani. Akitembea kwa kasi hufika wati 250 au zaidi, na akilima kwa jembe au kupakia magunia hupita wati 300.

Kizibao cha kawaida cha betri, kile kinachochomekwa kwenye pawabenki ya simu, hutoa wati 10 hivi kikiwa kwenye moto wa juu kabisa. Kwa hiyo kwa mpakiaji wa mahindi Kibaigwa, ambaye mwili wake unatoa wati 300, kizibao hicho hakiongezi kitu cha maana. Tatizo lake ni jasho. Akivaa nguo nzito wakati wa kupakia ataloa, na akipumzika upepo utampiga akiwa amelowa. Anachohitaji ni kuvua kabla ya kazi na kuvaa mara tu anapoacha.

Kwa mlinzi aliyekaa kwenye kiti kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hesabu ni tofauti. Mwili wake unatoa wati 100 tu. Wati 10 za ziada zikiwekwa kifuani na mgongoni, chini ya koti lisilopitisha upepo, ni nyongeza ya moja ya kumi, naye ataisikia. Dereva wa pikipiki yuko upande wa mlinzi, kwani ingawa anakwenda mbio, mwili wake umekaa.

Jaketi la betri linavyofanya kazi

Wazo la nguo ya umeme si jipya. Marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), waliokuwa wakiruka kwenye ndege zisizo na paa, walivaa mavazi yaliyopashwa joto kwa umeme. Baadaye waendesha pikipiki kubwa wa Ulaya na Marekani walianza kuvaa jaketi zinazochomekwa kwenye betri ya pikipiki. Kilichobadilisha biashara hii ni betri ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiingiza sokoni mwaka 1991. Betri hiyo ni nyepesi, hutunza umeme mwingi, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye simu za mkononi.

Ndani ya kizibao cha kisasa mna nyuzi nyembamba za kaboni au za chuma zilizoshonwa kwenye vipande vitatu au zaidi, kwa kawaida mgongoni, kifuani au tumboni, na pengine shingoni. Umeme ukipita, nyuzi hizo hupata moto kama zile za pasi, ila kwa kiasi kidogo. Kifuani kuna swichi ya kuchagua moto wa juu, wa kati na wa chini. Katika mfuko wa ndani kuna waya wa USB wa kuchomeka pawabenki.

Zipo aina mbili ambazo mnunuzi asizichanganye. Ya kwanza ni hiyo ya USB, ya volti 5, inayotumia pawabenki yoyote nzuri. Ya pili ni ya volti 12, iliyotengenezwa kwa pikipiki kubwa, ambayo hula wati 60 hadi 90. Aina hiyo ya pili haifai kwa pikipiki za cc 125 au 150 zinazofanya kazi ya bodaboda hapa nchini. Umeme unaozalishwa na injini hizo ni wa kutosha taa, honi na kuchaji betri. Ukiongeza wati 80 juu yake, betri itaishiwa chaji na asubuhi dereva atajikuta anasukuma pikipiki.

Hesabu ya chaji

Pawabenki ya mAh 10,000, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, hutunza wati-saa 37. Kiasi fulani hupotea wakati umeme unapobadilishwa kwenda volti 5, hivyo kinachofika kwenye kizibao ni wati-saa 30 hivi. Kizibao kikiwa kwenye moto wa juu wa wati 10, chaji hiyo itakwisha baada ya saa 3. Moto wa chini wa wati 5 utakwenda saa 6.

Zamu ya mlinzi ni saa 10 au 12. Maana yake ni kwamba pawabenki moja haimfikishi asubuhi. Atahitaji mbili, au atumie moja kwa akili: aanze na nguo za kawaida, kisha awashe kizibao kuanzia saa 9 usiku, wakati baridi ya Dodoma inapoanza kuwa kali kuelekea alfajiri. Kwa mtindo huo, saa 3 za moto mkali zitampeleka hadi macheo.

Gharama ya umeme wenyewe ni ndogo mno kwa mwenye luku nyumbani. Kujaza pawabenki hiyo hakumalizi hata sehemu ya ishirini ya uniti moja. Uniti ikiwa shilingi 350, gharama ya kuchaji mara moja haifiki shilingi 20. Lakini mlinzi wa shamba la zabibu asiye na umeme, anayelipa tuseme shilingi 500 kwenye kibanda cha kuchajia simu, atatumia shilingi 46,000 kwa siku 92 za kipupwe. Hela hiyo inatosha kununua koti zuri la mtumba na blanketi juu yake.

Kwa mkulima wa aina hiyo, jua la Dodoma ni msaada. Paneli ndogo ya sola ya wati 20 huweza kujaza pawabenki hiyo kwa saa 4 hadi 5 za jua zuri, na kipupwe ndicho kipindi ambacho anga la Kanda ya Kati huwa halina mawingu mengi. Paneli hiyo hiyo itawasha taa ya kibandani na kuchaji simu mwaka mzima, kwa hiyo gharama yake isibebeshwe kizibao peke yake.

Hesabu ya fedha

Kwenye maduka ya mtandaoni vizibao vya kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 50, bila pawabenki na mara nyingi bila usafiri. Dola ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 50,000 hadi 125,000. Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda ambaye kizibao kimemfikia kwa shilingi 75,000 na pawabenki kwa shilingi 25,000, jumla shilingi 100,000. Kikidumu misimu miwili, yaani siku 184, kila siku ya baridi imemgharimu shilingi 543, mbali na chaji.

Mwenzake amekwenda kwenye mitumba. Amenunua jaketi lisilopitisha upepo kwa shilingi 15,000, glovu kwa shilingi 5,000 na mzula kwa shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 23,000. Vikidumu misimu mitatu, sawa na siku 276, kila siku imemgharimu shilingi 83.

Muuzaji wa kizibao atasema kwamba dereva mwenye joto ataweza kuwahi abiria wa alfajiri, na kwamba safari moja ya ziada ya shilingi 2,000 kila siku italipa shilingi 100,000 ndani ya siku 50. Ni kweli. Lakini swali ambalo dereva anapaswa kujiuliza ni kama safari hiyo hiyo asingeipata kwa jaketi la shilingi 15,000. Mara nyingi angeipata, na fedha yake ingerudi ndani ya siku 12 tu.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza kizuizi cha upepo, pili glovu na mzula, tatu nguo ya ndani inayotunza hewa, kama sweta au fulana nzito ya manyoya. Baada ya hapo ndipo mtu afikirie betri. Kizibao cha umeme kikivaliwa chini ya shati linalopitisha upepo ni sawa na kuwasha jiko nje ya nyumba.

Wanaoweza kufaidika

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba nguo hizi hazina kazi. Wapo watu ambao tabaka za nguo pekee haziwatoshi. Wa kwanza ni walinzi wa usiku, kwa sababu wamekaa. Wa pili ni madereva wa pikipiki wa safari ndefu za alfajiri, kama wanaotoka Manyoni au Bahi kuja Dodoma mjini. Wa tatu ni wafanyabiashara wazee wanaoketi sokoni tangu kabla ya macheo, kwani mwili wa mzee huzalisha joto kidogo kuliko wa kijana. Wa nne ni wafanyakazi wa vyumba vya baridi vya nyama na samaki, ambamo hali ya hewa ni nyuzi 18 chini ya sifuri na kipupwe hakiishi.

Mfano mwingine uko kaskazini mwa nchi. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro waliwahi kupanda hadi kwenye barafu wakiwa na nguo za mijini. Tangu mwaka 2003, mradi wa kuwasaidia wapagazi hao wenye ofisi Moshi, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, huwaazima bure makoti, glovu na buti vilivyotolewa na wahisani. Mpagazi huvitumia safari moja, huvirudisha, naye mwingine huvichukua. Utaratibu huo wa kuazimana unaweza kuigwa na kijiwe cha bodaboda au kikundi cha walinzi: vizibao vitatu vya kikundi, vinavyotumiwa na aliye zamu ya usiku, vinaweza kuhudumia watu kumi.

Jiko la mkaa na chupa

Njia mbili ambazo watu wengi hutumia sasa kupambana na baridi zina hatari kubwa kuliko baridi yenyewe.

Ya kwanza ni jiko la mkaa ndani ya kibanda cha mlinzi au chumba cha kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kushika. Mtu huanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na wengi hawaamki. Mkaa ulioacha kutoa moshi haujawa salama, kwani gesi hiyo huendelea kutoka hata makaa yakiwa mekundu tu. Ikiwa lazima jiko litumike, likae nje. Kwa mlinzi wa kibandani, hii ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote ya kufikiria kizibao cha betri.

Ya pili ni pombe. Anayekunywa huhisi joto kwa sababu pombe hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi. Lakini damu hiyo hupeleka joto la ndani ya mwili nje, ambako upepo hulichukua. Mlevi hupoa haraka kuliko asiyekunywa, ila yeye hana habari.

Tahadhari kwa wakulima

Wakulima wa zabibu hunyunyizia dawa asubuhi na mapema kwa sababu wakati huo upepo huwa umetulia. Ni kosa kuvaa kizibao cha umeme chini ya bomba la dawa. Ngozi yenye joto na jasho hunyonya sumu haraka kuliko ngozi baridi, na bomba likivuja, nguo yenye nyaya haiwezi kufuliwa na kusuguliwa kama ovaroli. Wakati wa kunyunyizia, mkulima avae ovaroli, glovu za mpira na buti, na kizibao kikae mbali.

Tahadhari nyingine ni ya kuungua polepole. Kitu chenye nyuzi 44 hakimtishi mtu akikigusa, lakini kikikaa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huweza kuiunguza. Kwa sababu hiyo kizibao kivaliwe juu ya fulana, na mtu asilale usingizi kikiwa kwenye moto wa juu. Wenye kisukari, ukoma au ugonjwa wowote uliopunguza hisia za ngozi wawe waangalifu zaidi, kwani hawatasikia wakiungua.

Betri nazo zina masharti yake. Pawabenki iliyovimba isitumike tena. Isichajiwe chini ya mto au blanketi, wala kuachwa juani juu ya tangi la pikipiki. Kabla ya kufua kizibao, betri itolewe, na nguo isikamuliwe kwa kusokotwa, maana nyaya hukatika.

Pawabenki feki ni nyingi. Pawabenki halisi ya mAh 10,000 huwa na uzito wa gramu 180 hadi 250. Iliyoandikwa mAh 30,000 lakini nyepesi kama boksi la kiberiti ni ya kukwepwa. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), na kuhusu ubora hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Asiyedai risiti dukani hatakuwa na ushahidi wa kupeleka huko.

Mwajiri ana sehemu yake

Walinzi wengi hujinunulia makoti kwa mishahara yao wakidhani ni wajibu wao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kumkinga mfanyakazi na madhara ya kazi anayomtuma. Kwa mtu anayelinda ghala usiku wa Julai, koti, glovu na buti ni vifaa vya kazi sawa na tochi na filimbi.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inaagiza nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi katika muda huo. Nyongeza hiyo ni malipo ya kazi ya usiku, na haimwondolei mwajiri wajibu wa kumvika mlinzi.

Fursa kwa wenye mtaji mdogo

Kwa wafanyabiashara, kipupwe ni soko linalojulikana tarehe yake. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na hasa baada ya mji huo kupewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, maelfu ya watumishi na familia zao wamehamia kutoka Dar es Salaam. Wengi hawakuwa na koti hata moja.

Biashara ya mitumba yenyewe imeponea chupuchupu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu za mpango wa AGOA, na Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda iliyokataa kulegeza ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018.

Mwenye kibanda anayenunua robota la jaketi mwezi Juni hununua pamoja na kila mtu. Anayelinunua Desemba au Januari, wakati wa joto na mvua, hukuta wauzaji wachache wakilitaka na huwa na nafasi nzuri ya kujadiliana bei. Gharama yake ni mtaji kulala miezi mitano, hivyo asitumie mkopo wa riba ya kila mwezi kwa biashara hiyo. Ndani ya robota anaweza kukuta jaketi lenye waya wa USB mfukoni na betri hakuna. Alijaribu kwa pawabenki kabla ya kupanga bei: likipata moto ni la bei ya juu, lisipopata bado ni jaketi zuri la kawaida.

Mafundi cherehani nao wana nafasi. Kifaa ambacho kingemsaidia sana dereva wa bodaboda hakihitaji betri: ni mifuko miwili ya turubai au ngozi bandia, yenye kitambaa kizito ndani, inayofungwa kwenye usukani ili mikono iingie humo ikiwa imeshika breki na klachi. Vipande vya turubai vinavyobaki kwa washonaji wa mahema na viti vya magari vinatosha kuishona. Fundi ahakikishe tu kwamba mdomo wa mfuko ni mpana, mkono uweze kutoka haraka panapotokea hatari, na kwamba mfuko haugusi wenzo wa breki.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuanza biashara ya aina hii vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ikiwa na mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kuuza kipupwe kijacho kianze taratibu za kuomba mapema, kwani mkopo ukitoka Agosti utakuta baridi inaondoka, na mifuko ya usukani italala dukani hadi Juni nyingine.